Ukipinduka hutaangukia hewani

SWALI: Tuko wanne, tunaishi Minneapolis. Jumamosi ijayo, wiki ya kwanza ya Juni, tunakwenda Ziwa Superior upande wa Wisconsin, tuingie kwa kayaki, mitumbwi midogo ya kafi, kwenye mapango ya miamba karibu na visiwa vya Apostle. Tuna kayaki mbili za watu wawili wawili, fupi, za wazi juu. Utabiri unasema jua, nyuzi 27. Dukani wametuambia tukodi suti za mpira za kuzuia baridi ya maji, nami naona ni biashara tu. Nimekulia Mwanza, naogelea tangu utotoni, na majaketi okozi tutayabeba. Je, suti hizo ni za lazima?

JIBU: Ndugu yangu, ni za lazima. Ningeishia hapo, ila swali hili nalipata kila mwaka theluji ikishayeyuka, na halikosi maneno hayo mawili: "naogelea vizuri" na "tutayabeba".

Umesoma joto la hewa. Ukipinduka hutaangukia hewani. Ziwa Victoria, kina chake kikubwa ni kama mita 80, na maji yake yako kwenye nyuzi 25 hivi mwaka mzima. Superior inashuka hadi mita 406, na majira ya baridi yanaipoza kiasi kwamba mwanzoni mwa Juni maji mara nyingi bado yako kati ya nyuzi 4 na 8. Hayo ni maji ya friji. Hata Julai, upepo wa kutoka nchi kavu ukisukuma maji ya juu kwenda katikati ya ziwa, ya chini hupanda kujaza nafasi, na ufuko uliokuwa wa kuogelea jana leo unauma mifupa.

Kinachonichosha zaidi ni imani kwamba baridi huua polepole, kwa hiyo mwogeleaji hodari ana muda wa kufika ufukweni. Gordon Giesbrecht, mtafiti wa baridi wa Chuo Kikuu cha Manitoba huko Kanada, ambaye amejitumbukiza mwenyewe kwenye maji ya barafu mara nyingi kuliko mtu mwenye akili timamu anavyopaswa, ameyaweka kwa hesabu rahisi: dakika 1, dakika 10, saa 1. Dakika ya kwanza unavuta pumzi kwa nguvu bila kutaka, kisha unahema ovyo. Ushujaa hauzuii pumzi ile, na ikikukuta kichwa kiko chini ya maji, unavuta maji. Ukivuka hapo, una kama dakika 10 za mikono inayokutii. Damu inakimbilia kifuani, vidole vinakufa ganzi, huwezi kufunga zipu wala kushika kafi, na mtindo wako wa kuogelea unavunjika hata kama ulikuwa bingwa wa mkoa. Baridi ya kukupoteza fahamu huchukua karibu saa nzima, na asiye na jaketi mwilini kwa kawaida haifikii hiyo saa.

Sasa niambie, jaketi ulilolibeba utalivaa dakika ipi?

Halafu kuna walimu wa njia za mkato, hasa wa kwenye video. Mmoja anashauri uoge maji ya barafu bafuni wiki nzima ili mwili uzoee. Mazoea hayo kweli hupunguza kule kuhema, lakini vidole havizoei. Mwingine anauza kayaki za kupuliza na kuziita "za maziwa makubwa". Na yupo yule wa kila safari anayekuja na chupa ya konyagi ya kupasha mwili. Pombe hufungua mishipa ya ngozini. Unahisi joto kwa sababu joto lenyewe linakutoka. Mtu akitolewa majini akiwa ameganda, mlaze chali, mvue nguo mbichi taratibu, mfunike, umwite daktari. Usimsugue mikono na miguu, na usimsimamishe atembee.

Mapango yenyewe nayo hayachezewi. Wimbi linapiga mwamba, linarudi, linakutana na lingine linalokuja, na maji yanasimama wima pasipo mpangilio. Kwenye kuta zile hakuna pa kutia nanga wala pa kupanda nchi kavu. Upepo wa kaskazini ukianza, unafika ukiwa umesafiri juu ya maji matupu mwendo mrefu. Kayaki fupi ya wazi isiyo na vyumba vya hewa mbele na nyuma inajaa, na ikishajaa huwezi kuirudia. Wavuvi wa kwenu Mwanza wamekulia majini kuliko wewe, na bado asubuhi wanasimama ufukweni kutazama upepo kabla ya kusukuma mtumbwi. Wapo wanaorudi nyumbani kunywa chai.

Kama lazima muende Jumamosi, nendeni na mwongozaji wa pale anayetoa kayaki ndefu za baharini, suti nene za mpira au zile zisizoingiza maji kabisa, na anayewafundisha kurudi ndani ya kayaki kabla hamjaona pango. Akisema upepo haufai, msibishane naye kwa sababu mmeendesha gari saa nne. Kayaki zenu zipelekeni Ziwa Harriet hapo mjini, Agosti, majaketi yakiwa yamefungwa kifuani.