Nilipanda Mahindi kwa Imani

SWALI: Shikamoo mwinjilisti. Naimba sauti ya pili kwenye kwaya yetu huku Chamwino. Mwezi wa kumi na moja mhubiri mgeni alituombea mbegu, akasema Mungu ameahidi mwaka wa maghala kujaa, na anayepanda uwele anaikiri njaa kwa jembe lake. Nikalima ekari tatu, zote mahindi. Februari mvua ikakata yakiwa yanatoa mbelewele, yakakaukia shambani. Jirani yangu, ambaye hata kanisani haji, anavuna uwele. Sasa tukiimba uaminifu wa Mungu, koo linanikaba. Imani yangu ilipungukia wapi? Niache kwaya? — Mama wa watoto wawili

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole. Ekari tatu kwa jembe la mkono si mchezo.

Mimi nilizaliwa Mvumi, nikaujua uwele kabla sijaijua Biblia. Bibi yangu alikuwa mtoto wakati wa Mtunya, njaa ile ya 1917 hadi 1920, majeshi ya vita yalipokuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua nayo ikakataa. Kila usiku aliombea mvua, na kila mwaka alipanda uwele na mtama. Hakuna aliyemwambia hana imani. Dodoma tuna msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili, na katikati mvua hupumzika itakavyo. Uwele huvumilia. Mahindi yakikosa maji kwenye mbelewele, basi tena. Na huo uwele kauumba nani?

Nahisi mlisomewa Yeremia 29:11, mawazo ya amani. Wengi huanzia hapo na kuishia hapo. Panda juu kidogo: ni barua kwa mateka wa Babeli. Mstari wa 10 unataja miaka 70. Mstari wa 5 unawaambia wajenge nyumba, wapande bustani. Sura ya 28 yupo nabii Hanania, aliyewaahidi miaka miwili tu na kuivunja nira shingoni mwa Yeremia mbele ya watu. Kusema kweli, ningekuwepo siku ile ningempenda Hanania.

Kwa hiyo imani yako usiitafutie kosa. Ulipewa tarehe na zao ambavyo Mungu hakuvitaja. Mwone mchungaji wako, umwambie kwa upole yale maneno yamekugharimu nini. Asiposikia kwako, mgeni atakaribishwa tena Novemba.

Kwaya usiache. Fungua Habakuki 3:17: mizabibu haina matunda, mashamba hayatoi chakula, zizi halina kundi. Wakulima wa zabibu wa Hombolo hawahitaji kufafanuliwa hayo. Ajabu ni mstari wa 19, baada ya hasara yote ile: unamalizia kwa kumkabidhi mwimbishaji maneno hayo, yapigiwe vinanda. Ulikuwa wimbo wa kwaya! Mwambie mwalimu wenu autunge kwa Kigogo, kwa zeze na marimba. Nyimbo nyingine, pale koo linapokaba, nyamaza. Wenzako wa sauti ya pili watakushikia mpaka urudi.

Na kabla msimu haujaanza, nenda kwa yule jirani umwombe mbegu ya uwele. Kilo chache zinatosha ekari. Ukienda, mbebee mlenda.