Ala kuruka spika hadi spika kwenye Esquivel

Ukisikia ala zikiruka kutoka spika moja hadi nyingine kwenye santuri ya Esquivel, usihofu: santuri ni nzima. Juan García Esquivel, kiongozi wa okestra kutoka Meksiko, alipanga hivyo: gitaa linakimbia kutoka kushoto kwenda kulia, na upande mmoja hunyamaza kwa makusudi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 stereo (sauti tofauti kwa spika ya kushoto na ya kulia) ilikuwa bado ngeni majumbani, na kampuni ya rekodi ya RCA Victor ilitoa mfululizo wa santuri wa Stereo Action kuonyesha uwezo wake. Kwa albamu ya Latin-Esque (1962) okestra iligawanywa studio mbili, wanamuziki wakisikizana kwa hedifoni, ili sauti za kundi moja zisivujie maikrofoni za jingine. Ni kazi ya ajabu, na ndiyo iliyowavuta vijana wa Marekani mkusanyo wa nyimbo zake ulipotoka 1994.

Ila upande mmoja ukiwa kimya mwanzo hadi mwisho, hiyo ni hitilafu. Zima amplifaya, badilisha waya za kushoto na kulia zinazotoka kwenye pleya (mashine ya kuchezea santuri), uwashe tena. Ukimya ukihamia spika ya pili, tatizo liko kwenye pleya: mara nyingi ni vile viwaya vinne vidogo nyuma ya katriji (kifaa kinachoshika sindano) vilivyolegea au kushika kutu. Usipohama, kagua amplifaya na spika.

Na usiisikilize kwa spika moja ya blututhi. Nyingi huchanganya pande zote mbili, na mchezo wote wa kuhamahama unapotea.