Kisu kikubwa ninacho, kidogo nichukue kipi?

SWALI: Mambo vipi, hongera kwa kazi. Mimi ni mtu wa kambi na kutembea porini, nina kisu kikubwa ambacho bapa lake lina sentimita 25 na unene milimita 5, kwa kupasua kuni na kufyeka njia sina malalamiko. Shida ni vikazi vidogo, kumenya viazi, kuchonga kijiti, kutoa mwiba, hapo kinanichosha mkono na naogopa vidole vyangu. Sasa kampuni hiyohiyo inatengeneza mdogo wake, chuma kilekile, mpini wa aina ileile, bapa sentimita 11 na unene uleule milimita 5. Nimevutiwa maana vitakuwa seti. Nikichukue? – Mtembezi

JIBU: Poa kabisa ndugu yangu. Hapana, hicho kiache, na naomba nikueleze kwa nini maana wengi wananunua hivyohivyo afu kisu kinaishia kukaa kwenye begi.

Kinachofanya kisu kikate vizuri sio ukali wa makali peke yake, ni wembamba wa chuma pale nyuma ya makali. Bapa la milimita 5 hata ulinoe linyoe nywele za mkono, likiingia kwenye karoti linaisukuma pande mbili mpaka inapasuka kwa mlio, hujaikata hapo umeipasua. Kwenye kisu kikubwa unene huo una kazi yake, unaleta uzito wa kufyekea na unavumilia kupigwa gongo mgongoni ukipasua kuni. Sasa kwenye kisu cha sentimita 11 uzito huo unafanya nini? Kufyeka hakifyeki, ni kifupi, na kupasua tayari una mkubwa wake. Yaani utakuwa unabeba kazi ileile mara mbili na zile kazi zilizokushinda bado zitakuwa zimekushinda.

Kwa hiyo tafuta kilicho kinyume na kikubwa chako. Bapa sentimita 8 mpaka 10, unene milimita 2 mpaka 3, basi. Visu vya Mora vya Sweden ni mfano mzuri, ile Companion ya kawaida ina bapa la kama sentimita 10 na unene wa milimita 2 na nusu hivi, mpini wa plastiki na mpira, sio kisu cha kuringia ila ukikipeleka kwenye mti mkavu kinatoa maganda membamba yanayojikunja vizuri kabisa, yale ya kuwashia moto. Na wazo hili sio la leo. Wasami wa kaskazini mwa Ulaya wana desturi ya kutembea na visu viwili, leuku mkubwa wa kukatia matawi na kuni, na pembeni puukko mdogo wa kuchongea na kulia chakula. Marekani nako George Washington Sears, yule aliyekuwa anaandika kwa jina la Nessmuk miaka ya 1880, alikuwa na kishoka, kisu chembamba cha kwenye ala na kingine cha kukunja mfukoni, na alivilaumu waziwazi visu vinene vya wawindaji vilivyokuwa vinauzwa wakati wake.

Mpini usiufanyie ubahili. Watu wanasikia kisu kidogo wanachukua chenye mpini wa vidole viwili vitatu, kinapendeza shingoni, lakini chonga nacho nusu saa uone. Bapa liwe fupi ila mpini ujaze kiganja, vidole vyote vinne vikae, tena ukiwa umevaa glovu. Mimi nikiambiwa nichague kati ya chuma bora na mpini bora kwenye kisu kidogo nachukua mpini, chuma utakinoa, mkono ukitoka malengelenge safari nzima imeharibika.

Kuhusu chuma chenyewe sitaki uumize kichwa sana. Kikubwa mara nyingi kinaachwa kilaini kidogo ili kikipigwa kisimeguke, kidogo hakipigwi kwa hiyo kinaweza kuwa kigumu zaidi na kikakaa na makali muda mrefu. Kwa kuwa hiki ndio kitakachogusa chakula, ndimu, nyanya, chumvi, nakushauri chuma kisichoshika kutu. Na usitishwe na wanaosema lazima kiwe cha kaboni ndio kiwashe moto, kile kijiti cha kisasa cha cheche, cheche zinatoka kwenye kijiti chenyewe, kisu kinakwangua tu, unachohitaji ni mgongo wenye kona kali zisizolainishwa. Kaboni inahitajika kwenye njia ya zamani ya kugonga chuma kwenye gumegume.

SWALI: Na cha kukunja je, hakitoshi kuwa hicho kidogo? Sipendi kubeba ala mbili kiunoni. – Msomaji wa siku nyingi

JIBU: Kinatosha, tena kwa mtu mwenye kikubwa tayari kina mantiki zaidi maana kazi za nguvu hakitaziona. Ila kiwe na kufuli. Opinel namba 8 ya Ufaransa ina bapa la sentimita 8 na nusu, jembamba sana, jikoni ni raha tupu, na ile pete ya kufungia bapa lisijikunje imewekwa tangu 1955. Ubaya wake mpini ni wa mti, ukilowa unavimba na bapa linagoma kufunguka, na hiyo siku ya mvua ndio unakihitaji kweli. Halafu mchanga na mafuta ya nyama vinaingia kwenye maungio, inabidi usafishe kila ukimaliza. Kama unachinja au unapaa samaki mara kwa mara chukua kisichokunjwa, unakisuuza unakifuta umemaliza.

SWALI: Nivivae vyote upande mmoja? – J.

JIBU: Usifanye hivyo. Kikubwa kiunoni upande wa mkono unaotumia, kidogo upande wa pili au mfukoni, au kining'inie shingoni kama ala yake inabana vizuri. Ijaribu kwanza kabla hujaivaa shingoni, igeuze kichwa chini uitikise juu ya majani, kisu kikitoka hiyo ala haifai. Na angalia sheria za unakokwenda, Uingereza kwa mfano cha kukunja chenye bapa lisilozidi inchi 3 na kisicho na kufuli ndicho unaruhusiwa kubeba hadharani bila sababu maalumu, kwa hiyo hata hiyo Opinel niliyoisifia hapo juu huko itakuletea maswali.