Saa Moja Isiyo na Jua: Kwa Anayekwenda Kaskazini ya Mbali

Saa zetu za Kiswahili huhesabiwa tangu jua kuchomoza. Hapa Mombasa, takriban nyuzi 4 kusini mwa ikweta, hesabu hiyo haimsumbui mtu, kwa kuwa mwaka mzima mchana na usiku hugawana saa kumi na mbili kwa kumi na mbili, na mzee aliyeketi barazani Kibokoni anaweza kukutajia saa kwa kuangalia kivuli cha ukuta tu. Mimi nililelewa katika hesabu hiyo, kisha nikaenda kusomea mambo ya uvuvi Tromsø, kaskazini mwa Norwe, kwenye nyuzi 69, ambako jua halichomozi kabisa tangu kiasi cha tarehe 27 Novemba hadi katikati ya Januari. Kwa kuwa vijana kadhaa wa hapa wanaojiandaa kwenda masomoni huko wameniuliza nilivyoishi, nimeona afadhali niandike mara moja.

Kwanza, ondoa dhana ya giza totoro. Hata mwishoni mwa Desemba jua hukaribia upeo wa macho kutoka chini, likaleta mwanga kama wa alfajiri unaoanza yapata saa tatu na nusu asubuhi na kwisha karibu saa nane mchana. Mwanga huo ni wa buluu, na theluji huuzidisha. Ni mzuri kupita ninavyoweza kueleza, na mwaka wa kwanza niliupoteza karibu wote kwa kulala.

Hilo ndilo kosa nililolifanya, na sikulifanya kwa siku moja. Nilianza kwa kuchelewa kuamka siku za mapumziko, nikaona hakuna tofauti kati ya kuamka saa mbili na kuamka saa saba, maana dirisha lilikuwa jeusi nilipolala na karibu jeusi nilipoamka. Jioni moja nilijinyoosha kitandani baada ya darasa, na nilipofumbua macho saa ya ukutani ilinionyesha saa tatu. Nikakurupuka, nikavaa tabaka zote za nguo, nikashika njia ya chuoni nikijilaumu kwa kuchelewa, nikakuta mlango umefungwa. Mtu aliyekuwa akipita na mbwa wake alinieleza kwa upole kwamba ilikuwa saa tatu ya usiku. Nilicheka njia nzima ya kurudi, lakini nilipoingia chumbani kicheko kilikwisha, kwa sababu nilitambua kwamba kwa wiki tatu nilikuwa nimelala mno, ninakula mikate na vitu vitamu bila kushiba, na sina hamu ya kumpigia mtu simu, hata mama.

Hali hiyo ina jina na maelezo. Mwaka wa 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake nchini Marekani waliieleza kama aina ya sonona inayokuja na msimu wa giza, na usingizi mwingi pamoja na uchu wa vyakula vya wanga ni katika dalili zake. Mwili una saa yake ndani ya ubongo, na saa hiyo hurekebishwa kila asubuhi na mwanga unaoingia machoni. Mwanga usipofika, homoni ya usingizi iitwayo melatonini huendelea kutolewa mwilini wakati ambapo ingepaswa kukoma, na siku nzima huwa kama mtu aliyeamshwa usiku wa manane. Taa ya chumba haitoshi kuirekebisha. Mwanga hupimwa kwa luksi, na jua la adhuhuri la hapa kwetu hufikia kama luksi 100,000, ilhali chumba chenye taa za kawaida hupata mia chache tu.

Basi jambo lililonitoa mle shimoni lilikuwa taa maalumu ya luksi 10,000, niliyoiweka mezani umbali wa mkono na kuketi mbele yake kwa nusu saa nikinywa chai, bila kuikodolea macho. Siri yake ni kuiwasha saa ileile kila asubuhi, Jumapili ikiwemo. Ukiiwasha jioni utakesha. Mwenye maradhi ya macho, au aliyewahi kupata vipindi vya msisimko wa akili uliopita kiasi, amwone daktari kabla ya kuinunua, na huzuni ikizidi kiasi cha mtu kutotaka kuishi, hilo si jambo la taa tena bali ni la daktari siku hiyohiyo.

Baada ya taa, toka nje kati ya saa nne na saa saba hata kama huna shughuli. Nunua vile vyuma vinavyovaliwa chini ya viatu ili barafu isikuangushe. Kisha kula samaki wenye mafuta, kwa kuwa ngozi isiyopigwa na jua haitengenezi vitamini D, na sisi wenye ngozi nyeusi huhitaji jua refu zaidi kuitengeneza. Wenyeji hunywa kijiko cha mafuta ya ini la chewa wa bahari za baridi (cod kwa Kiingereza) katika miezi yote yenye herufi r kwa lugha yao, yaani Septemba hadi Aprili. (Kwa Kiswahili kanuni hiyo ingetuachia Januari, Februari na Aprili tu, basi usiitafsiri.) Ladha yake si ya kusifiwa, mimi nilifuatisha na tende.

Muislamu atauliza kuhusu sala, kwa kuwa hakuna kuchomoza kwa jua wala kuzama. Jamaa niliosali nao walifuata ratiba ya Makka, na nakiri kwamba ratiba hiyo ilinisaidia mwili pia: mara tano kwa siku kulikuwa na kitu kinachonilazimisha kujua ni saa ngapi, na mara nyingine kinachonilazimisha kutoka na kukutana na watu. Asiyesali ajiwekee miadi ya namna hiyo na mtu atakayemkasirikia asipofika. Mama, aliyekuwa mbele yangu kwa saa mbili, alijitwika kazi ya kunipigia kila asubuhi na kuuliza, "Kumekucha huko?" Nilikuwa namjibu kwamba taa imewaka. Alilikubali jibu hilo.

Milima huchelewesha jua hata baada ya kipindi chenyewe kwisha, ndiyo maana mji huadhimisha kurudi kwake tarehe 21 Januari kwa kula maandazi yaliyotiwa jamu ndani. Usiizime taa siku hiyo kwa furaha, kama nilivyofanya mwaka wa kwanza. Siku bado ni fupi mno, na mimi niliendelea nayo hadi Machi. Wala usiinunue hapa ukaibeba: plagi zetu zina meno matatu ya bapa, na matundu ya kule ni mawili ya mviringo. Inunue ukifika, mwezi wa Oktoba, kabla hujaihitaji.