Kabla ya kutibu dalili mpya, uliza dawa ilianza lini

Kwenye kliniki ya presha na sukari huwa nakutana na kadi inayosomeka hivi: mzee alianzishiwa amlodipini ya presha, baada ya wiki kadhaa miguu ikavimba, akaenda kituo kingine akapewa Lasix ya kupunguza maji. Sasa anaamka usiku kukojoa, ana kizunguzungu, anaanguka. Dawa ya pili inatibu maudhi ya dawa ya kwanza, na hakuna aliyelinganisha tarehe.

Kwa hiyo wewe uliyeko zahanati, dalili mpya ikija uliza kwanza: ni dawa gani iliongezwa, au dozi gani ilipandishwa, kabla haijaanza? Kikohozi kikavu kisichosikia antibayotiki kwa anayemeza enalaprili au kaptoprili, nazo dawa za presha, kinaweza kuwa cha dawa hiyo. (Ila TB usiisahau; kumeza enalaprili si kinga.)

Zinazonitisha zaidi ni zile zisizo kwenye kadi. Ukimuuliza bibi anatumia dawa gani, atakutajia za hospitali tu. Diklofenaki ya magoti aliyonunua duka la dawa haiweki hesabuni, maana hiyo ni "ya maumivu tu". Ikikutana na losartani (nayo ya presha) au enalaprili pamoja na dawa ya kukojosha, figo zinaumia bila yeye kuhisi chochote, hasa akiwa anaharisha au hanywi maji. Mimi huwaambia waje na kila kilichopo nyumbani, mitishamba na pakiti tupu zikiwemo, tumwage mezani. Ndipo unapokuta losartani ya viwanda viwili, majina tofauti, na zote anameza.

Ramadhani nayo ina mambo yake. Glibenklamidi, dawa ya kushusha sukari, hukaa mwilini muda mrefu. Mzee akifunga kwa dozi ileile, alasiri anatetemeka, anatoka jasho, anaongea asiyoeleweka, na nyumbani wanasema saumu imemzidi. Pima sukari. Ikiwa chini ya 3.9 mmol/L, afungue hapohapo kwa kitu chenye sukari, mradi anaweza kumeza. Habari ya dozi izungumzwe Shaabani, si siku ya kwanza ya mfungo.

Ukishuku dawa imemdhuru mtu, jaza fomu ya njano ya TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba Tanzania) hata kama huna uhakika, kushuku kunatosha. Na ndugu wa mgonjwa mnaosoma hapa, msimkatishe mzee dawa za presha kwa makala hii. Mleteni kliniki na dawa zake zote.