Swali: Kwa nini picha zetu za buluu zinaondoka na maji?

SWALI: Mtaalamu, heshima yako. Ninafundisha kemia katika shule ya sekondari hapa Mafinga, na ninasimamia klabu ya wanafunzi wanaopenda sayansi na sanaa. Tumejaribu kuchapa picha za majani kwa njia ya saianotaipu, yaani kuchapa picha za buluu kwa dawa zenye chuma na mwanga wa jua. Feri-amonia sitreti tuliinunua, na dawa ya pili tuliikuta katika kabati la maabara. Tulipochanganya maji ya dawa hizo mbili, yaligeuka buluu nzito papo hapo, tukaona ni dalili njema. Tuliyapaka kwenye karatasi za rimu, tukalaza majani ya kangaga juu yake, tukaziweka juani kwa dakika 20. Tulipoosha, beseni zima likawa buluu, karatasi zikabaki na madoa, na sura ya jani haikuonekana kabisa. Tulikosea wapi?

JIBU: Mwalimu, asante kwa kueleza kila hatua, kwa sababu jibu limo ndani ya sentensi yako moja: mchanganyiko uligeuka buluu papo hapo. Mchanganyiko ulio sawa hauna buluu. Una rangi ya manjano inayoelekea kijani, na hubaki hivyo hadi jua liuguse.

Naomba urudi kabatini uitazame ile chupa ya pili, kwanza fuwele zake, kisha lebo. Ikiwa fuwele ni za manjano hafifu, kama rangi ya limau lililoiva, basi mlitumia potasiamu ferosianidi, wakati kazi hii inahitaji potasiamu ferisianidi, ambayo fuwele zake ni nyekundu iliyokolea na unga wake hukaribia rangi ya chungwa. Tofauti ya majina ni herufi moja tu, na kwenye lebo za maabara tofauti hiyo mara nyingi huandikwa kwa namba: heksasianoferati (II) ni ile ya manjano, na heksasianoferati (III) ni ile nyekundu. Shule nyingi huwa na zote mbili, kwa kuwa ya manjano hutumika kupima shaba na chuma (III), na nyekundu hupima chuma (II); namba hizo huonyesha chuma kiko katika hali ipi ya chaji. Kwa hiyo mlichofanya siku ile kilikuwa ni kipimo cha chuma (III), na kilitoa jibu sahihi kabisa.

Sasa tazama kwa nini picha haikushika. Feri-amonia sitreti ina chuma (III). Miale ya urujuanimno iliyomo katika mwanga wa jua huigeuza kuwa chuma (II), na chuma (II) ndiyo inayoungana na ferisianidi na kufanya buluu ya Prusia, ambayo haiyeyuki katika maji. Mahali ambapo jani limeziba mwanga, chuma hubaki (III), dawa hubaki inayeyuka, na maji huiondoa, karatasi ikabaki nyeupe. John Herschel aliitumia tabia hiyo ya chuma huko Uingereza mwaka 1842, na kwa miaka mingi baadaye wahandisi walinakili michoro ya majengo kwa njia hii hii. Lakini ukitumia ferosianidi, chuma (III) huungana nayo bila kuhitaji mwanga wowote. Buluu huundwa ndani ya chupa, nanyi mkapaka juu ya karatasi chembe ambazo zimekwisha kuwa rangi. Chembe hizo hazina pa kujishikiza, kwa hiyo maji huzisomba. Buluu ya kudumu ni ile inayozaliwa ndani ya nyuzi za karatasi, baada ya dawa kunyonywa na kukauka.

Mkipata dawa sahihi, yeyusha gramu 5 za feri-amonia sitreti katika mililita 20 za maji, na gramu 2 za ferisianidi katika mililita 20 nyingine. Hifadhi kila moja katika chupa yake ya rangi ya kahawia, na changanya kwa vipimo sawa kiasi cha siku hiyo tu. Pakeni chumbani mbali na dirisha, kwa taa hafifu, kisha mkaushe karatasi gizani. Vaeni glavu, wala msitumie chombo chochote cha jikoni. Kwa kuwa wewe ni mwanakemia utanielewa nikisisitiza jambo moja: dawa hii isikutanishwe na asidi kali wala kuchemshwa nayo, maana inaweza kutoa gesi ya sumu ya sianidi.

Karatasi za rimu nazo sizipendi kwa kazi hii. Nyingi zimetiwa chokaa kiwandani, na buluu ya Prusia haivumilii alkali hata kidogo. Isitoshe, ni nyembamba, hulegea na kuchanika kabla hazijaoshwa vizuri. Tafuteni karatasi nzito ya kuchorea kwa rangi za maji. Ikishindikana, chukueni kitambaa cha pamba cheupe, mkifue hadi wanga wa kiwandani uishe na mkisuuze sana sabuni itoke. Hapa Mbeya mimi huipenda pamba kuliko karatasi, kwa sababu hunywa dawa kwa kina na buluu yake ina uzito ambao karatasi haiupati kwa urahisi.

Kuhusu jua, msishike dakika 20 kana kwamba ni sheria. Nyanda zetu ziko juu, na kadiri unavyopanda ndivyo miale ya urujuanimno inavyoongezeka. Tena kwa latitudo yetu jua la adhuhuri hupita karibu kabisa na utosi mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba, lakini mwezi Juni huinama upande wa kaskazini na miale hupungua, na ukungu wa Mufindi unaweza kuongeza muda mara kadhaa. Kateni ukanda mmoja wa karatasi iliyopakwa, mfunike kwa kadibodi, kisha muisogeze kidogo kila baada ya dakika 3 hadi zifike 15. Mkiosha ukanda huo mtaona wenyewe ni dakika ngapi zinatosha siku hiyo. Rangi ya kutazama juani si buluu. Dawa huanza manjano, huwa kijani, huwa buluu, halafu sehemu zilizo wazi hufifia na kuwa kama majivu. Wanaoanza wengi hutoa karatasi kwenye hatua ya buluu, na picha hutoka hafifu.

Kangaga ni chaguo zuri. Hata hivyo, libanieni jani chini ya kioo cha dirisha juu ya ubao, kwa vibanio vya nguo, kwa sababu ncha zikiinuka hata kidogo mwanga huingia chini yake na kingo huwa na ukungu. Jani bichi hutoa maji na kuacha madoa, kwa hiyo likandamizeni ndani ya daftari usiku mmoja kwanza.

Osheni kwa maji baridi yenye matone machache ya siki au ndimu, mkibadilisha maji hadi manjano yote iondoke kwenye sehemu nyeupe. Beseni lisiwe na mabaki ya sabuni, magadi wala majivu. Picha ikitoka majini itaonekana imepauka, nanyi msiihukumu siku hiyo, kwani hewa huendelea kuikoleza hadi kesho yake. Mkitaka kuona buluu kamili papo hapo mbele ya wanafunzi, tieni matone machache ya haidrojeni peroksaidi ya dukani kwa dawa, ile ya asilimia 3, katika maji ya mwisho, na rangi itakolea mbele ya macho yao.