Biti 128 si sababu ya kuikataa

Ndugu yangu, unasema utaikataa laptopu hiyo inayokuja; usiikimbie eti kwa kuwa njia ya memori ya kadi yake ya michoro (graphics), yaani upana wa data inayopita kwa mara moja, ni biti 128. Kujua data inayopita kwa sekunde, zidisha upana huo kwa kasi ya memori kwa kila biti ya njia, kisha gawanya kwa 8 upate gigabaiti. GDDR6, aina ya memori ya kadi za michoro, ya gigabiti 16 kwa sekunde itakupa gigabaiti 256 kwa sekunde. GDDR7, toleo lililoifuata, ya gigabiti 24 itakupa 384. Hiyo si tofauti ya mchezo! Tena kashe kubwa, ile akiba ya data iliyo ndani ya chipu yenyewe, hupunguza safari za kwenda memori.

Mimi hapo ningeuliza wati za kadi na feni zake. Kaskazi ikishika Mombasa, na chumba hakina AC, kadi ikichemka hujipunguza kasi yenyewe, biti ziwe ngapi.